Sindano Ndani ya Pafu: Namna Uvimbe Unavyouawa kwa Moto au Baridi Bila Kupasua Kifua

Daktari bingwa wa upasuaji anapoondoa saratani iliyoanzia kwenye pafu, kwa kawaida huondoa pia sehemu ya pafu inayouzunguka uvimbe, na mgonjwa huamka akiwa na pafu pungufu kuliko alilolala nalo. Mtu mwenye moyo imara na mapafu mazima humudu hasara hiyo. Lakini saratani ya mapafu ina tabia ya kuwapata watu ambao mapafu yao yamekwisha kuchoka: wazee, wavutaji sigara wa miaka mingi, watu waliokwisha kupasuliwa kifua mara moja na ambao pumzi iliyobaki ni ya kuhesabu. Kisu kinaweza kuiondoa saratani ya mtu kama huyo na kumwacha asiweze kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Na wagonjwa wa maradhi haya si wachache, kwani kwa hesabu za mwaka 2022 za wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu katika mwaka huo mmoja, na takriban milioni 1.8 walifariki kwa sababu yake.

Kwa ajili ya wale wasioweza kupasuliwa, katika robo karne iliyopita imekua tiba inayotumia sindano. Daktari huingiza sindano ndefu kupitia ngozi, katikati ya mbavu, akiongozwa na picha za CT scan, mashine ya eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande, mpaka ncha yake ikae ndani kabisa ya uvimbe. Kisha ncha hiyo hupashwa moto mkali au hupozwa kwa baridi kali, na seli za saratani zinazoizunguka hufa palepale zilipo. Hakuna kinachokatwa wala kutolewa nje. Mwili wenyewe hubaki na kazi ya kuyafyonza mabaki taratibu kwa miezi kadhaa, na kuacha kovu. Tiba hii huitwa ablesheni, na wanaoifanya ni madaktari bingwa wa tiba radiolojia, yaani wale ambao hawaishii kuzisoma picha za mwili bali hutibu wakiongozwa nazo.

Hapa pana mkanganyiko unaotokana na lugha yetu ya kila siku. Mtu akisema kwamba ndugu yake “amechomwa uvimbe,” wengi huelewa kuwa amepigwa mionzi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mionzi hutoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili, hupita ndani ya ngozi na nyama bila kuacha jeraha linaloonekana, na huua seli kwa kuharibu vinasaba vyake, kazi ambayo huchukua siku na wiki. Ablesheni haitumii mionzi kuua chochote. Mionzi pekee inayohusika ni ile ya CT scan yenyewe, nayo ni ya kuonea tu. Kinachoua ni joto au baridi, kama vile moto wa jiko unavyobadilisha ute wa yai kuwa mweupe na mgumu, na yai lililokwisha kuiva halirudi kuwa bichi.

Kabla ya kutumika mapafuni, njia hii ilikuwa imejaribiwa sana kwenye ini katika miaka ya 1990. Pafu liliogopwa, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Ini ni nyama iliyoshikana. Pafu ni kama sifongo iliyojaa hewa, linalotanuka na kunywea mara kumi na tano kwa dakika, limefunikwa na utando mwembamba ambao ukitobolewa huweza kuvujisha hewa. Mwaka 2000 Damian Dupuy na wenzake, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, walichapisha taarifa ya wagonjwa watatu wa kwanza ambao vivimbe vyao vya mapafuni vilitibiwa kwa sindano ya mawimbi ya redio. Wagonjwa watatu ni wachache mno kuthibitisha jambo, ila walitosha kuonyesha kwamba linawezekana. Tangu hapo, karibu kila kilichogunduliwa kuhusu tiba hii kimehusu hewa: namna inavyozuia, namna inavyosaidia, na namna inavyotoroka.

Tuanze na mawimbi ya redio, maana ndiyo njia ya kwanza na ndiyo iliyofanyiwa utafiti kwa muda mrefu zaidi. Sindano huunganishwa na mashine inayotoa umeme unaogeuza mwelekeo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na bapa zinazobandikwa mapajani mwa mgonjwa huupokea umeme huo na kukamilisha mzunguko. Chembe zenye chaji zilizomo kwenye maji ya mwili hujaribu kufuata mwelekeo huo unaogeuka bila kukoma, zikasuguana, na msuguano huo ndio huzaa joto. Tishu ikifikia nyuzi joto 60 za Selsiasi, protini zake huganda na seli hufa mara moja. Ikiwa kwenye nyuzi 50 hivi, kifo hicho huhitaji dakika kadhaa. Mtu angedhani basi kwamba joto likizidi ndivyo kazi inavyokuwa bora. Sivyo. Joto likivuka nyuzi 100, maji huchemka na kugeuka mvuke, nyama iliyo karibu na sindano huwa mkaa, na mkaa huo haupitishi umeme. Mashine huzimika, hali sehemu ya nje ya uvimbe bado ni nzima. Kwa hiyo daktari mzuri wa njia hii hupandisha joto polepole, kama mpishi anayekaanga kitu kinene na asiyetaka kiungue nje kabla ya kuiva ndani.

Hewa ya pafu huingia hapa kwa sura mbili. Kwa kuwa hewa haipitishi umeme na haisafirishi joto vizuri, joto lililozalishwa ndani ya uvimbe hubaki humo, na uvimbe huiva vizuri kuliko ambavyo ungeiva kwenye ini. Lakini saratani haiishii kwenye mpaka unaoonekana kwenye picha. Seli chache huwa zimetambaa milimita kadhaa nje yake, na hizo ziko katika eneo lenye hewa, ambako joto hilohilo hushindwa kufika. Tena kuna damu. Mshipa wenye upana wa zaidi ya milimita 3 unaopita kando ya uvimbe hulichukua joto na kwenda nalo, kama sufuria iliyotelekwa jikoni huku ubavu wake mmoja ukimwagiwa maji baridi mfululizo. Upande huo hauivi. Saratani ikirudi baada ya tiba, mara nyingi hurudia hapo kwenye mshipa.

Maikrowevu yaliletwa kutatua sehemu ya matatizo hayo. Sindano yake ni antena ndogo inayotoa mawimbi ya megahezi 915 au 2450, na yale ya 2450 ndiyo yaleyale yanayotumika kwenye oveni za jikoni. Mawimbi haya huzitikisa molekuli za maji moja kwa moja, kwa hiyo hayahitaji umeme kupita kutoka sehemu moja hadi nyingine, hayazuiwi na mkaa, na hewa haiyasumbui sana. Joto hupanda haraka, eneo linalouawa huwa kubwa zaidi, na damu inayopita haipati muda wa kulipoza. Kazi ambayo mawimbi ya redio huifanya kwa dakika kumi hadi thelathini, maikrowevu mara nyingi huimaliza kwa dakika tano hadi kumi. Gharama ya nguvu hiyo ni kwamba kosa nalo hutokea haraka. Sindano iliyo karibu na utando wa pafu, mrija mkubwa wa hewa au neva haitoi nafasi ya kufikiri mara mbili.

Njia inayonivutia kuliko zote ni ya baridi, kwa sababu ndiyo iliyojifunza kumtumia adui kama msaidizi. Ndani ya sindano, gesi ya agoni yenye shinikizo kubwa hupitishwa kwenye tundu dogo sana, ikatanuka ghafla, na kwa kutanuka huko hupoa vikali. Jambo hili la kifizikia limebeba majina ya Joule na Thomson waliolieleza katika karne ya 19. Ncha ya sindano hushuka chini ya nyuzi 100 hasi. Barafu huanza kukua kuizunguka, ikafanya tonge lenye umbo la yai. Ndani ya tonge hilo maji ya seli huganda na kuzipasua, chumvi hujikusanya na kuzinyausha, na mishipa midogo ya damu huziba, hivyo kwamba hata seli iliyonusurika baridi hufa kwa kukosa damu. Ili saratani ife kwa uhakika inahitaji kufikia kati ya nyuzi 20 na 40 hasi. Ukingo wa tonge la barafu uko kwenye sifuri, na sifuri haiui. Ndiyo maana barafu lazima iuvuke uvimbe kwa milimita kadhaa kila upande.

Sasa tazama kinachotokea pafuni. Baridi ikiwashwa mara ya kwanza kwa dakika tatu, tonge hukataa kukua, kwa sababu hewa iliyouzunguka uvimbe haipitishi baridi kama isivyopitisha joto. Daktari huacha barafu iyeyuke. Wakati inayeyuka, mishipa midogo iliyojeruhiwa huvujisha damu na majimaji yanayoingia kwenye vifuko vya hewa na kuvijaza. Kwenye picha, eneo lililokuwa jeusi kwa sababu ya hewa huonekana likigeuka kijivu. Baridi huwashwa mara ya pili, na safari hii inakuta tishu iliyolowa, ambayo huipitisha vizuri, na barafu hukua mpaka nje ya uvimbe. Huyeyushwa tena, kisha hugandishwa mara ya tatu. Mtindo huu wa kugandisha mara tatu haukuwepo kwenye viungo vingine, na ulizaliwa kutokana na tabia ya pafu lenyewe. Faida nyingine ya baridi ni kwamba haivunji ule utepe wa nyuzi ngumu unaoshikilia kuta za mirija ya hewa, kwa hiyo huwa ya upole zaidi karibu na mirija hiyo, na vilevile huuma kidogo kuliko moto pale uvimbe unapogusa ukuta wa kifua.

Ipo njia ya nne inayotoboa kuta za seli kwa mipigo ya umeme bila kutegemea joto wala baridi. Kwenye viungo vingine imepata nafasi yake, lakini pafuni jaribio lililofanyika Ulaya lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa vivimbe vingi viliendelea kukua, kwa hiyo sitaizungumzia zaidi.

Siku ya tiba yenyewe, mgonjwa hulala kwenye meza ya CT scan kwa ubavu, kifudifudi au chali, kutegemea ni upande gani utaipa sindano njia fupi na salama. Dawa za kuzuia damu isigande huwa zimesimamishwa siku kadhaa kabla. Kipande cha waya chenye mistari hubandikwa kwenye ngozi ili kionekane kwenye picha, na daktari huchora alama ya kalamu pale sindano itakapoingilia. Mgonjwa hupewa ganzi pamoja na dawa za kumtuliza, au hulazwa usingizi kabisa. Akiwa macho, hufundishwa kuvuta pumzi kidogo na kuishikilia, tena na tena, kwa kiwango kilekile, kwa sababu uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu huweza kusogea sentimita moja au mbili kwa kila pumzi. Sindano hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kamwe si chini yake, maana mshipa wa damu na neva hupita wakiwa wamejificha kwenye ukingo wa chini. Inasogezwa kidogo, picha inapigwa. Inasogezwa tena, picha inapigwa. Vivimbe vidogo na vigumu vina tabia ya kuikwepa ncha kama punje ya dengu chini ya uma. Daktari hujitahidi kuutoboa utando wa pafu mara moja tu.

Moto ukiwaka, picha huonyesha ukungu wa kijivu ukikua kuuzunguka uvimbe. Ukungu huo ni tishu iliyounguzwa, na ndio ushahidi wa kwanza kwamba kazi imefika nje ya mpaka. Kanuni iliyokubalika ni kwamba lazima uuzunguke uvimbe pande zote kwa angalau milimita 5. Ukikosekana upande mmoja, sindano husogezwa na kazi hurudiwa palepale, mgonjwa akiwa bado mezani. Kwa njia za moto, sindano inapotolewa huachwa na joto kidogo ili njia iliyopita iungue pia, damu isivuje na seli za saratani zisikokotwe kuelekea nje. Mgonjwa hubaki na tundu dogo linalofunikwa kwa plasta, na kwa kawaida hulala hospitali usiku mmoja. Siku chache zinazofuata huweza kuwa na homa ndogo, uchovu na maumivu ya kifua yanayotulizwa na dawa za kawaida.

Madhara yake yasifichwe. Linaloongoza kwa mbali ni hewa kutoroka kutoka kwenye pafu na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hali ambayo hulifanya pafu linywee. Hutokea mara nyingi kiasi kwamba hospitali zinazofanya tiba hii hulichukulia kama sehemu ya kazi. Mara nyingi hewa hiyo huwa kidogo na hufyonzwa yenyewe; ikizidi, mgonjwa huwekewa mpira mwembamba kifuani kwa siku moja au mbili, hewa itoke na pafu litanuke tena. Mtu mwenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara yumo hatarini zaidi, na ndiye huyohuyo aliyekuja kwa sindano kwa sababu hakuweza kupasuliwa. Mengine ni kukohoa damu, maji kujaa kifuani, maambukizi, na neva kuunguzwa: ile inayoendesha kiwambo cha kupumulia ikiwa uvimbe uko karibu na moyo, au zile za mkono ikiwa uko kwenye kilele cha pafu. Nchini Japani, kituo kimoja kilichapisha mwaka 2011 hesabu ya vikao 1,000 vya mawimbi ya redio kwa wagonjwa 420. Vifo vilivyotokana na tiba vilikuwa vinne, na vitatu kati ya hivyo vilisababishwa na kuvimba vikali kwa tishu zinazoshikilia vifuko vya hewa. Kwa hiyo mgonjwa ambaye pafu lake limekwisha kukakamaa kwa maradhi ya aina hiyo hupimwa kwa tahadhari kubwa kabla ya kukubaliwa.

Hili linatufikisha kwenye suala ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko uchaguzi wa mashine: nani anafaa. Ablesheni huua kitu kimoja mahali pamoja. Haitibu saratani iliyoenea kwenye tezi za katikati ya kifua, wala haizuii vivimbe vipya kuota. Huwafaa watu wa makundi mawili hasa. Kundi la kwanza ni wenye saratani iliyoanzia pafuni, ikiwa bado ndogo na haijasambaa, ambao hawawezi kupasuliwa. Kundi la pili ni wale ambao saratani ilianzia kwingine, kwa mfano kwenye utumbo mpana, figo au mifupa, kisha ikatupa vivimbe vichache mapafuni huku ile ya mwanzo ikiwa imedhibitiwa. Ukubwa ndio unaoamua mengi. Uvimbe wa sentimita 2, ambao ni mdogo kuliko korosho iliyobanguliwa, una nafasi nzuri sana. Ukivuka sentimita 3, uwezekano wa sehemu kubaki hai hupanda haraka. Na uvimbe ulioegemea mrija mkuu wa hewa au mshipa mkuu wa damu mara nyingi huachwa, hata ukiwa mdogo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kutangulia hayo yote, nalo ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa ili kipimwe. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, si kila doa la mviringo pafuni ni saratani. Kifua kikuu huweza kujifunga kwenye gamba na kuonekana kwenye picha kama uvimbe hasa, na kwa upande wa pili, wapo wagonjwa wa saratani wanaomeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kabla ya mtu kushuku jambo jingine. Kuunguza doa ambalo halijathibitishwa ni kumtia mgonjwa kwenye hatari ya sindano bila kujua unatibu nini, na baada ya kuungua hakuna tena cha kupima. Kwa hiyo kipande kidogo cha nyama huchukuliwa kwanza kwa sindano inayoongozwa na CT scan ileile na kupelekwa maabara. Ujuzi wa kuchukua kinyama hicho ndio msingi wa ablesheni: anayeweza kuifikisha sindano nyembamba kwenye uvimbe wa sentimita moja na nusu bila kulivujisha pafu amekwisha kujifunza sehemu ngumu ya kazi.

Msingi huo umeanza kujengwa. Mwaka 2018, kwa ushirikiano wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani chini ya mpango wa Road2IR, yalianza jijini Dar es Salaam mafunzo ya kwanza ya tiba radiolojia nchini Tanzania. Walimu kutoka nje walikuja kwa zamu, wakifanya kazi bega kwa bega na madaktari wa hapa badala ya kutibu na kuondoka, na wahitimu wa kwanza wakaanza nao kufundisha. Kazi za mwanzo zilikuwa zile ambazo wodi zinazihitaji kila siku: kuchukua vinyama, kutoa usaha, kufungua njia ya mkojo iliyoziba. Nadhani huo ndio mpangilio sahihi. Kikwazo kikubwa cha ablesheni ya pafu kwetu ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kusambaa, wakati sindano inautaka uvimbe ukiwa bado mdogo.

Na matokeo? Utafiti uliokusanya vituo saba vya Ulaya, Marekani na Australia, ukachapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wagonjwa 106 wenye vivimbe 183 visivyozidi sentimita 3.5. Kati ya wagonjwa walioweza kupimwa mwaka mmoja baadaye, asilimia 88 walikuwa na vivimbe vilivyouawa kabisa. Lakini miongoni mwa wale ambao saratani ilianzia pafuni, asilimia 48 tu ndio waliokuwa hai baada ya miaka miwili, na ukisoma namba hiyo peke yake utaiona tiba imeshindwa. Ukihesabu waliokufa kwa saratani pekee, waliookoka ni asilimia 73. Pengo kati ya namba hizo mbili ni moyo, mapafu na uzee, yaani yaleyale yaliyowazuia wasipasuliwe tangu mwanzo. Jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 51 wa hatua ya kwanza wasioweza kupasuliwa, lilikuta asilimia 69.8 wakiwa hai baada ya miaka miwili, ingawa saratani ilirudi palepale kwa baadhi yao, na waliofanya vizuri zaidi walikuwa wale wenye uvimbe usiofikia sentimita 2.

Kwa vivimbe vilivyosambaa kutoka kwingine picha ni ya matumaini zaidi. Nchini Ufaransa, wagonjwa 566 wenye vivimbe 1,037 walitibiwa kwa mawimbi ya redio, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 62. Kwa njia ya baridi, utafiti wa mwaka 2020 wa wagonjwa 128 wenye vivimbe 224 ulionyesha kwamba asilimia 85.1 ya vivimbe vilikuwa havijarudi baada ya mwaka mmoja, na asilimia 77.2 baada ya miaka miwili.

Namba hizi zina udhaifu ambao msomaji anastahili kuujua. Hazikutokana na kuwagawa wagonjwa kwa kura, nusu sindano na nusu kisu au mionzi. Waliopata sindano walichaguliwa, na kuchaguliwa kwenyewe hubadilisha matokeo. Kwa hiyo upasuaji unabaki kuwa chaguo la kwanza kwa anayeumudu, na kwa asiyeumudu, mionzi inayolenga uvimbe kwa usahihi, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa vikao vichache, ina ushahidi mpana zaidi wa kuzuia saratani isirudi mahali pale. Nafasi ya sindano ni pale mionzi imekwisha kutumika kwenye pafu hilo na haiwezi kurudiwa, pale vivimbe ni vichache lakini vimetapakaa mapafu yote mawili, au pale pumzi ya mgonjwa haiwezi kupunguzwa hata kidogo. Siku hizi yapo pia majaribio, yakiwemo ya Hong Kong na London, ya kuipitisha antena ya maikrowevu kwa ndani, kupitia mdomoni na kwenye mirija ya hewa, ili utando wa pafu usitobolewe kabisa.

Baada ya tiba huja wakati ambao huwatia wagonjwa hofu kuliko tiba yenyewe. Picha ya mwezi wa kwanza huonyesha doa kubwa kuliko uvimbe uliokuwepo, na mgonjwa anayeisoma ripoti peke yake huamini kwamba saratani imekua maradufu. Kilichopo ni uvimbe uliokufa pamoja na ukanda wa pafu uliounguzwa kuuzunguka kwa makusudi. Hata uchunguzi wa PET, unaoonyesha seli zinazotumia sukari kwa wingi, huweza kuwaka kwa miezi kadhaa kwa sababu chembe za kinga zinazosafisha mabaki nazo hula sukari. Wakati mwingine doa hutoboka katikati na kuwa shimo, kisha shimo hilo hufunga. Kuanzia mwezi wa tatu doa linapaswa kuwa linanywea, na kufikia mwaka huwa limebaki mstari au kovu dogo. Kinachotafutwa na macho ya daktari kwenye kila picha ni kinundu kinachoota kwenye ukingo wa kovu, hasa ule ulioelekea mshipa, au kovu linaloanza kutanuka tena baada ya miezi sita. Kikionekana mapema, kikiwa bado kidogo, sindano huweza kurudi hapohapo. Katika wale wagonjwa wa Ufaransa, walikuwepo waliorudishwa mezani hadi mara nne.